RuO2 ni sumaku au sio sumaku? Na mnajuaje wakati haivuti hata pini?

Msomaji mmoja kaniuliza hivi: "Mtaalamu habari za kazi. Nilisoma kwamba kuna usumaku wa aina mpya unaitwa altamagneti, na kitu kinachotajwa kila mahali ni RuO2. Baadae nikakuta wengine wanasema RuO2 haina usumaku wowote. Inakuwaje kitu ni sumaku leo, kesho sio? Kwani hamna mashine ya kupima? Na nasikia hizo sumaku zenyewe hazivuti hata pini, sasa mnajuaje kama ni sumaku? Na zina kazi gani?"

Salama kabisa ndugu yangu. Nikiri hilo la "hamna mashine ya kupima" limenichekesha, maana ndo swali tunaloulizana sisi wenyewe kila mtu akija na grafu yake mezani. Mashine zipo, tena za gharama kubwa ajabu, ishu ni kwamba kila mashine inaona kipande chake tu, na kila moja ina namna yake ya kukudanganya. RuO2, yani oksidi ya rutheni, ilituponza hapo. Ila twende taratibu, tuanze na pini yako.

Kila elektroni ina kitu kinaitwa spini, we ichukulie tu kama kisindano cha dira ambacho hakizimiki. Kwenye chuma visindano vya atomi jirani vinakubaliana kuangalia upande mmoja, vinajumlishana, ndo unapata ile nguvu ya kuvuta pini, na makubaliano hayo yanadumu mpaka kelvini 1043 hivi, yani kama nyuzi 770 za selsiasi, joto likipita hapo kila kisindano kinaangalia kwake na sumaku imekufa. Sasa kuna vitu vingi tu ambavyo majirani wanapingana: huyu juu, huyu chini, huyu juu, huyu chini. Ukijumlisha unapata sifuri. Pini haisogei. Lakini mpangilio upo, tena umenyooka kuliko gwaride. Hizo ndo antiferomagneti, na Mfaransa Louis Néel alizieleza kwa hesabu miaka ya 1930, ila kwa muda mrefu hakuna aliyekuwa na njia ya kuuona huo mpangilio moja kwa moja.

Mwaka 1949 Clifford Shull na Samuel Smart, kule Oak Ridge Marekani, wakachukua unga wa MnO, yani oksidi ya manganisi, wakauweka mbele ya mwale wa nyutroni unaotoka kwenye kinu cha nyuklia. Kwenye joto la kawaida wakapata vilele vilevile, yani pembe ambazo mwale unaotawanyika unatoka kwa nguvu, ambavyo ungepata kwa eksirei. Wakaushusha mpaka kelvini 80, vikatokea vilele vipya sehemu ambazo hazikuwa na kitu, na ukipiga hesabu vinakwambia kuna kitu ndani kinachojirudia kwa umbali mara mbili ya ule wa atomi. Fikiria watu wamesimama foleni, kila mmoja hatua moja kutoka kwa mwenzake. Ukimgeuza mmoja aangalie mbele mwingine nyuma, foleni haijasogea hata kidogo, ila sasa ili umpate mtu anayefanana kabisa na wa kwanza inabidi uruke hatua mbili. Eksirei ya kawaida inahesabu watu tu, nyutroni inaona na wameangalia wapi. Shull alikuja kupewa Nobeli mwaka 1994, miaka 45 baadae, kwahiyo wenye haraka ya umaarufu hii kazi haiwafai.

Kwa nini nyutroni? Kwa sababu haina chaji, inapenya kwenye fuwele bila kusukumwa na umeme wa atomi, na yenyewe ina spini yake, kwahiyo ikipita karibu na spini nyingine inahisi. Afu urefu wa wimbi lake unalingana na umbali kati ya atomi, yani kama imetengenezwa kwa kazi hiyo. Ubaya wake ni kwamba nyutroni ni chache na zinapita bila kugusa chochote mara nyingi sana, unahitaji fuwele kubwa, na unahitaji kwenda kwenye kituo kama ILL pale Grenoble au ISIS Uingereza, ambako unapewa siku zako chache, ukizimaliza bila data unarudi nyumbani na maelezo.

Sasa hiyo ya juu-chini-juu-chini ndo mpangilio rahisi. Kuna ya ajabu zaidi na hapa ndo mimi huwa nasahau kula. Chukua MnSi, mchanganyiko wa manganisi na silikoni. Chini ya kelvini 29 hivi spini zake zinazunguka kama ngazi ya mzunguko, mzunguko mmoja ukiwa kama nanomita 18, yani karibu seli 40 za fuwele, seli ikiwa ni kile kipande kidogo kinachojirudia. Ukiiwekea uga wa sumaku wa kama tesla 0.2 karibu kabisa na hilo joto la kuanzia, kuna kijieneo kidogo cha ajabu kwenye ramani ya joto na uga, watu wamekijua kwa miaka mingi na hawakuelewa kilichomo. Waliopima kwa nyutroni walikuwa wanaweka uga ukiwa umekatisha mwale, na wakiona madoa mawili kwenye kipokezi cha nyutroni wanasema sawa, ni ngazi ileile imegeuka. Mwaka 2009 timu ya Munich kwenye kinu cha FRM II pale Garching ikaelekeza uga sambamba na mwale wenyewe. Yakatokea madoa sita, yamekaa kwenye duara kama pembe za sega la nyuki. Ni vimbunga vidogo vya spini, vinaitwa skirmioni, vimejipanga safu kwa safu, na vilikuwepo siku zote, wewe tu ulikuwa umekaa upande ambao unaona madoa mawili kati ya sita. Mashine ileile na fuwele ya aina ileile, kilichobadilika ni upande wa uga.

Altamagneti sasa. Hili jina limeanza kuvuma mwaka 2022, na mantiki yake sio ngumu kama inavyosikika. Kwenye antiferomagneti ya kawaida, atomi ya juu na ya chini ni kama mapacha, ukiisogeza ya juu inakaa pale pa chini bila kubadilisha chochote cha mazingira. Kwahiyo elektroni zinazotembea humo, ziwe za spini juu au spini chini, gharama ni moja. Kwenye altamagneti atomi ya chini imezungukwa na majirani walewale ila wamekaa kwa kugeuka, kwenye muundo kama wa RuO2 wamegeuka nyuzi 90. Huwezi kuisogeza tu, lazima uizungushe pia. Matokeo yake elektroni inayokwenda upande mmoja inapata nafuu ikiwa na spini juu, inayokwenda upande ule mwingine inapata nafuu ikiwa na spini chini. Ukijumlisha zote bado sifuri, pini bado haisogei, lakini ndani elektroni zimegawanyika kwa spini kama kwenye chuma. Watu wa nadharia walipopiga hesabu, RuO2 ikatoa mgawanyiko mkubwa kweli, na yenyewe inapitisha umeme vizuri, inatengenezeka kirahisi, haiozi. Nani asingeipenda?

Ila hesabu hiyo ilisimama juu ya jambo moja, kwamba RuO2 ni antiferomagneti. Na hilo lilitoka wapi? Kwa miaka mingi RuO2 ilichukuliwa kama metali ya kawaida isiyo na mpangilio wowote wa spini. Mwaka 2017 ikatoka karatasi ya nyutroni inayosema hapana, kuna mpangilio, tena unadumu mpaka angalau kelvini 300, ila kila atomi ya rutheni inachangia magnetoni ya Bohr 0.05 tu, na magnetoni hiyo ndo kipimo chetu cha usumaku wa atomi moja. Kwa kulinganisha, atomi ya chuma ni kama 2.2. Na hapa naomba usimame kidogo kwenye hiyo namba, kwa sababu nguvu ya kilele cha nyutroni haifuati namba yenyewe, inafuata mraba wake. 0.05 mara 0.05 ni 0.0025, yani unatafuta kitu dhaifu mara 400 kuliko ambacho ungekipata kama kila atomi ingekuwa na magnetoni moja kamili. Kuitafuta alama ya hivyo ni sawa na kusikiliza mtu anayenong'ona huku jenereta inaunguruma.

Unakisikilizia wapi hicho kinong'ono? Unaenda sehemu ambayo muundo wa fuwele wenyewe unakataza kilele chochote. Kwa RuO2 sehemu hiyo tunaiita 100. Atomi zikiwa zimekaa kama tunavyodhani, mawimbi yanayorudi kutoka kwa nusu moja ya atomi yanafuta ya nusu nyingine, unapata sifuri kamili, kwahiyo ukiona chochote pale unasema aha, hiyo ni sumaku. Tatizo ni kwamba nyutroni inaweza kugonga mara mbili ndani ya fuwele hiyohiyo. Ni kama mpira: ukiurusha moja kwa moja dirisha hili hauingii, ila ukigonga kwanza ukuta wa kushoto unadunda na kuingia. Tunaita mtawanyiko wa kurudia, na kadri fuwele ilivyo kubwa na nzuri ndo inazidi, yani unaadhibiwa kwa kukuza fuwele nzuri. Namna ya kuukamata ni kuizungusha fuwele kwenye mhimili uleule unaouangalia na kubadilisha urefu wa wimbi: kilele cha sumaku kinatulia, cha kurudia kinapanda na kushuka kama taa mbovu. Sisemi wale wa 2017 walikuwa wazembe, walitumia mpaka nyutroni ambazo spini zake zimepangwa, ambayo ni njia ngumu na ya heshima. Ila alama ilikuwa ndogo mno, na baadae ikaja eksirei ambayo nishati yake inarekebishwa ilingane na atomi unayoitafuta, ikaona kitu palepale ikakubaliana nao, na hapo kila mtu akatulia.

Lisemwalo lipo, wazee walisema, ila hili naona waliliacha nje.

Mwaka 2024 wakaja watu wa miuoni, timu mbili tofauti, moja ya Japani na nyingine ya Ulaya. Miuoni ni ndugu mzito wa elektroni, inaishi kwa wastani wa mikrosekunde 2.2 tu, na vituo kama PSI kule Uswisi vinazitoa zote zikiwa spini zimeelekea upande mmoja. Unaipiga ndani ya sampuli, inasimama mahali fulani katikati ya atomi, na kama pale iliposimama kuna uga wowote wa sumaku, hata mdogo sana, spini yake inaanza kuzunguka kama pia. Inapokufa inatoa positroni, yani elektroni yenye chaji chanya, na positroni inapenda kurukia upande ambao spini ilikuwa inaangalia. Unahesabu mamilioni ya positroni kushoto na kulia na unaona mzunguko kwenye grafu kwa macho yako. Uzuri wake mkubwa ni kwamba haihitaji mpangilio uwe mrefu na safi kwenye fuwele nzima, kila miuoni inaripoti kilichopo pale ilipo. Kwa RuO2 mstari ukakaa kimya. Timu ya Ulaya ikasema kama kuna usumaku wowote basi kwenye fuwele hauzidi magnetoni 0.00014 kwa kila rutheni, yani chini ya ile 0.05 kwa zaidi ya mara 350, na kwenye filamu nyembamba hauzidi 0.00075. Wakarudia na nyutroni pia, na kilele pale 100 wakakieleza kwa huo mtawanyiko wa kurudia.

Najua utauliza, je miuoni nayo haidanganyi? Inadanganya sana. Inaweza ikasimama mahali ambapo spini za juu na chini zinafutana kamili, ikakwambia hakuna kitu wakati kipo. Ndo maana lazima upige hesabu kwanza ya wapi miuoni itasimama, na hilo walilifanya, na sehemu hiyo kwa RuO2 sio ya kufutana. Ndo nikashawishika mimi. Kabla ya hapo nilikuwa upande wa wanaosema ni sumaku, sifichi, na nimewahi kusimama mbele ya watu nikaichora RuO2 kama mfano bora.

Kwahiyo jibu la swali lako la kwanza: haikuwa sumaku leo kesho ikaacha. Fuwele safi ya RuO2 kwa ushahidi uliopo haina mpangilio wa sumaku. Hesabu za nadharia nazo zimeonyesha iko karibu na mpaka, ukipunguza rutheni kidogo au ukiibana inaweza kuvuka, na kwenye filamu nyembamba, ambazo zinavutwa na kitu zilichokalia, mabishano bado yanaendelea na mimi siko tayari kuweka dau.

Hapo ndo tunafika kwa jambo ambalo halitokei kwenye vichwa vya habari, sampuli. Nikupe moja yangu. Nikiwa mwanafunzi nilipima unga fulani kwenye SQUID, ile mashine ya kupima usumaku mdogo kabisa, nikaona nundu nzuri karibu kelvini 44. Nililala usiku mmoja nikiwa mgunduzi. Asubuhi mwenzangu akaiangalia sekunde tatu akaniambia hiyo ni oksijeni, hewa imeingia kwenye kichupa chako ikaganda, na oksijeni ikiganda ina usumaku wake. Kweli, nikavuta hewa upya, nundu ikapotea. Mara nyingine nilishika fuwele kwa kibano cha chuma badala ya cha plastiki, na zile chembe za chuma zisizoonekana kwa macho zikanipa "feromagneti" iliyodumu mpaka joto la kawaida. Kila mtu kwenye hii kazi ana orodha yake ya aibu.

Na kuna aibu kubwa kuliko hizo. α-RuCl3, yani kloridi ya rutheni, kitu ambacho watu wanakipenda kwa sababu ya nadharia ya mwanafizikia Kitaev ya mwaka 2006 kuhusu spini zinazokataa kujipanga, ni tabaka zimelaliana kama kadi za karata. Fuwele nzuri inaingia kwenye mpangilio wa antiferomagneti kelvini 7. Ukiibana au kuikunja kidogo wakati wa kuikata, kadi zinateleza, na unaanza kuona mabadiliko mengine kelvini 14. Vipimo vya mwanzo vilikuwa vinachanganya zote mbili, watu wanabishana juu ya fizikia kumbe wanabishana juu ya mkono wa aliyeshika wembe. YbMgGaO4 nayo ilisifiwa kama kimiminika cha spini, yani spini zinazokataa kujipanga hata ukikaribia sifuri kamili, mpaka ilipoeleweka kwamba magnesi na gali zimekaa ovyo kwenye viti vya kila mmoja, na uovyo peke yake unaweza kufanya spini zikose mpangilio bila maajabu yoyote. Kuthibitisha kwamba kitu hakina mpangilio ni kugumu kuliko kuthibitisha kwamba kinao, maana kila uchafu unakusaidia kudanganyika.

Usije ukaondoka hapa ukidhani altamagneti ni hadithi. MnTe, mchanganyiko wa manganisi na teluri, ni mfano ambao mimi nakubali bila wasiwasi. Kwanza manganisi yake ina spini kubwa, hakuna cha kunong'ona, antiferomagneti yake inajulikana kwa miongo kadhaa na hakuna anayeibishia. Kilichobaki ilikuwa kuonyesha ule mgawanyiko wa elektroni, na mwaka 2024 ulionyeshwa: unaipiga fuwele na mwanga wenye nishati kubwa, elektroni zinaruka nje, unapima zimeruka kwa pembe gani na nishati gani, na unaona bendi moja, yani mstari wa nishati ambazo elektroni zinaruhusiwa kuwa nazo, inagawanyika mbili inaposhuka chini ya joto la mpangilio, ikipanda juu zinarudi kuwa moja. Hiyo ya kuja na kuondoka na joto ndo mimi naiangalia kwanza kwenye karatasi yoyote, kabla hata ya kusoma majina. Mwishoni mwa mwaka huohuo wengine wakapiga picha za MnTe kwa eksirei pale Lund, Uswidi, zikaonyesha maeneo madogo ya altamagneti na vimbunga vyake.

Kuhusu kazi yake: wanaotengeneza kumbukumbu za kompyuta wanataka kitu kisichotoa uga nje, ili uweze kubananisha vihifadhi bila kimoja kumharibu jirani, na kinachogeuka haraka, na antiferomagneti zinafanya hayo yote mawili, ila zimekuwa ngumu kusomwa kwa umeme kwa sababu elektroni haioni tofauti ya juu na chini. Altamagneti inaiona. Hapo ndo pesa za utafiti zinakoelekea. Ila MnTe inapoteza mpangilio kwenye kelvini 307 hivi, yani nyuzi 34 za selsiasi, simu ikipata joto kidogo mfukoni kumbukumbu zote zimeyeyuka. Ndo maana sasa hivi maabara nyingi ziko kwenye CrSb, mchanganyiko wa kromi na antimoni, ambayo inavumilia mpaka kama kelvini 700, na mimi mwenyewe nina vipande viwili vyake kwenye kisanduku, nimevishika kwa kibano cha plastiki, nasubiri siku zangu za mwale.